Kipindi cha marejeo ya Kiingereza: namna ya kukiandaa darasa lisisinzie

Mitihani ya Kidato cha Pili ikianza kunukia, simu yangu hujaa maswali yale yale kutoka kwa walimu wapya, wengi wao vijana wanaojitolea kwenye skuli za huku kwetu Pemba. "Nianze tena kufundisha mada ya kwanza?" "Nina watoto 68 na vipande viwili vya chaki, nicheze nao mchezo gani?" "Nikiuliza mmefahamu, wote wanaitikia ndiyo. Mtihani ukija wanaanguka. Nakosea wapi?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nayaweka yote mahali pamoja.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Ukisimama ubaoni dakika 40 ukaeleza upya mada yote, aliyefanya marejeo ni wewe mwalimu. Mtoto hurejea pale anapolazimika kukitoa kitu kichwani mwake, akakosea, akakirekebisha kwa mkono wake. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Mfano ninaoutumia ni darasa la Kidato cha Pili, kipindi kimoja cha dakika 40, bila umeme. Wanaofundisha watu wazima jioni wana sehemu yao mwishoni.

Unachohitaji

- Madaftari ya wanafunzi kama 20, uyakusanye wiki moja kabla.
- Daftari lako dogo la makosa. Liwe la kazi hiyo tu, usilichanganye na maandalio ya somo.
- Maboksi matupu ya sabuni au biskuti kutoka dukani, mkasi na maka peni moja.
- Karatasi chakavu zilizokatwa robo robo, moja kwa kila mtoto.
- Simu au saa ya kuangalia dakika. Bila saa utakula muda wote kwenye mchezo na kengele itakukuta hujamaliza.

Hatua kwa hatua

1. Vua makosa kutoka kwenye madaftari.

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Usichague mada ya marejeo kwa kufungua kitabu. Chukua yale madaftari 20, uyachanganye ya wenye kujua na wasiojua, kaa nayo saa moja. Kila kosa la Kiingereza unaloliona, liandike kama lilivyo kwenye daftari lako. Likitokea tena kwa mtoto mwengine, lipigie kijistari. Mwisho wa saa hiyo utaona makosa matano au sita yana vijistari vingi, mengine yana kimoja kimoja.

Yenye vijistari vingi karibu yote yanatoka kwenye Kiswahili chetu, na ukiijua njia yaliyopitia utayatibu haraka. Haya hapa ninayoyakuta kila mwaka:

- "He is my sister." Kwetu "yeye" ni mwanamme na mwanamke, kwa hiyo sikio la mtoto halikushituka.
- "I hear cold." Kiswahili tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia raha. Kiingereza husikia sauti tu.
- "Borrow me your pen." Kitenzi chetu "kuazima" kinafanya kazi zote mbili, ya anayetoa na ya anayechukua. Wao wana maneno mawili.
- "I wake up at twelve." Mtoto anaamka saa kumi na mbili asubuhi kama watu wote, ila mwenye kusoma sentensi hiyo atadhani analala mpaka adhuhuri.
- "Father has slept now." Hili lina hadithi yake, nitalirudia.

Hadhari: usiandike jina la mtoto pembeni ya kosa. Daftari hilo likidondoka mikononi mwa wenzake, huyo hatafungua mdomo tena mwaka mzima.

2. Chagua makosa mawili, basi.

Najua mtihani una mada nyingi na siku zimebaki chache. Hata hivyo chagua mawili. Kipindi kinachorejea mambo saba hakirejei hata moja.

3. Andika swali la mlangoni kabla ya kitu chengine chochote.

Swali la mlangoni ni lile ambalo kila mtoto atalijibu kwenye robo karatasi na kukukabidhi akiwa anatoka. Ukiliandika mwanzo, utajua kipindi chote kinaelekea wapi. Kwa makosa mawili ninayoyatumia hapa, lile la "has slept" na la kutia "have" au "has" penye neno kama "jana", swali langu ni hili: "Andika sentensi mbili za Kiingereza. Ya kwanza, mtu wa nyumbani kwenu ambaye sasa hivi amelala, amekaa au amesimama. Ya pili, kitu ulichokila jana." Sentensi mbili zinatosha kunionesha nani kafika na nani bado.

4. Fungua kipindi kwa kufunga madaftari.

Dakika tano za mwanzo, kila kitu kinafungwa. Kila mtoto aandike peke yake chochote anachokikumbuka kuhusu mada, kwa mifano, kisha ageukie jirani yake walinganishe. Watalalamika. Watakuomba wachungulie kidogo. Usikubali.

Watoto wetu wanaijua kazi hii kuliko wanavyodhani. Chuoni, mtoto husoma kwa moyo mbele ya mwalimu sura aliyokwisha kuihifadhi, msahafu ukiwa umefungwa, kabla hajapewa mpya. Waambie hivyo hivyo: leo ni muraja'a, yaani kudurusu tulichokwisha kuhifadhi, ila wa Kiingereza. Nilipoanza kulitumia neno hilo darasani, manung'uniko yalipungua siku ile ile, maana walifahamu wanachotakiwa kufanya na kwa nini ni kigumu.

5. Chagua mchezo mmoja unaobeba kosa ulilolichagua.

Mchezo unafuata kosa. Ukianza na mchezo halafu ukatafuta cha kuutia ndani, utapata kelele na vicheko na hakuna kitakachobaki. Mimi natumia mitatu tu.

*Mnada wa sentensi, kwa makosa ya sarufi.* Aliyewahi kusimama pwani ya Tumbe au sokoni Wete samaki wanapofika anaujua mnada: dalali anataja bei, watu wanapandishiana, mwenye jicho zuri anaondoka na fungu la maana na mwenye pupa anabeba samaki walioharibika. Darasani samaki ni sentensi. Nzuri na mbovu zimechanganywa, na kila kikundi kinataka kununua nzuri tu.

Andika ubaoni sentensi nane. Za kwangu ni hizi:

A. My grandmother is sitting under the clove tree.
B. My father has slept now, do not make noise.
C. I have eaten octopus yesterday.
D. We picked cloves last month.
E. Look at my aunt, she has worn a black buibui.
F. The boat left Mkoani yesterday morning.
G. Our teacher is tired.
H. He has gone to Wete last Friday.

A, D, F na G ni nzima. B, C, E na H ni mbovu. Kila kikundi kipe pishi 20 za karafuu za karatasi, yaani vipande vya boksi ulivyoviandika namba. Natumia pishi na sitaji shilingi kwa sababu mbili. Watoto wa Pemba wamekua wakisikia pishi zikihesabiwa, kwa hiyo hesabu inawaingia. Na mzazi akisikia mwanawe amecheza "pesa" skuli, anaweza kudhani ni kamari, na atakuwa na haki ya kuja kuuliza.

Dakika sita za kwanza hakuna kununua. Kikundi kinajadili, na kila mmoja anaandika kwenye daftari lake herufi nane na alama ya nzima au mbovu. Hapo ndipo kujifunza kunakofanyika. Kisha mnada, dakika 16, yaani dakika mbili kwa kila sentensi. Dalali awe mwanafunzi, usiwe wewe. Bei inaanzia pishi moja na zabuni lazima itajwe kwa Kiingereza. Sentensi ikishauzwa, aliyenunua anasema kama ni nzima au mbovu na sababu yake. Akiwa amenunua mbovu na akaweza kuirekebisha, anarudishiwa nusu ya pishi alizolipa. Sentensi ni nane na vikundi huenda ni kumi, kwa hiyo wapo watakaokosa kununua. Hao usiwaache mikono mitupu: kila alama sahihi waliyoiandika wakati wa kujadili inahesabiwa pointi moja, kwa vikundi vyote.

Hadhari kubwa: usiiache sentensi mbovu ubaoni. Ikishajadiliwa tu, ipige mstari na andika iliyo sawa juu yake kwa herufi kubwa. Nimewahi kusahau, na wiki iliyofuata nikakuta watoto kadhaa wamenakili sentensi zote nane kwenye madaftari, nzima na mbovu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kinachobaki ubaoni mtoto hukichukua kuwa ni haki.

*Kitendawili, kwa msamiati.* Kikundi kinaandika kitendawili kwa Kiingereza kuhusu neno mlilolisoma. Anayetega anasimama, darasa linaitikia, wanabashiri. Wakishindwa, wanatoa mji: "Nakupa Konde." "Sitaki." "Nakupa Chake Chake." Akishakubali mji ndipo anafichua. Kuna msichana alinitegea hiki: "It has eight arms and no bones. It hides under a stone. Our mothers look for it when the sea goes far." Darasa zima lilimjua pweza kabla hajamaliza, na tazama alichokifanya bila kuambiwa: "has", "hides", "look", kila kitenzi kimekaa mahali pake. Mchezo huu hautaki maandalizi yoyote zaidi ya orodha ya maneno 15.

*Saa ya boksi, kwa kosa la saa.* Kata duara kubwa, andika namba 1 mpaka 12, tia mshale mmoja kwa msumari. Mtoto anaelekeza mshale kwenye saa ya Kiswahili, mwenzake anaweka kidole upande wa pili kabisa wa duara na kusoma namba ile kwa Kiingereza. Saa moja, ng'ambo yake ni 7. Saa nne, ng'ambo yake ni 10. Saa kumi na mbili, ng'ambo yake ni 6. Hakuna kujumlisha wala kutoa kichwani, macho yanavuka tu. Dakika kumi zinatosha.

6. Panga vikundi kabla kengele haijalia.

Watoto sita au saba kwa kikundi, walio mbele wageuke kuwatazama walio nyuma yao. Kuhamisha madawati kunakula dakika saba, usithubutu. Kama kwenu wasichana wamekaa upande wao na wavulana wao, viache vikundi vifuate hivyo hivyo. Utapata maneno mengi zaidi kutoka kwa wasichana, nimeliona hilo mara nyingi mno. Kitu cha kuchanganya ni uwezo: katika kila kikundi awepo mmoja anayejua, lakini kalamu ashike mwengine.

7. Rekebisha kwa kuuliza.

Kikundi kikinunua "My father has slept now", usitangaze kwamba ni kosa. Mazungumzo yangu huenda hivi:

"Ukiingia ndani sasa hivi, baba utamkuta vipi?"
"Kafumba macho, mwalimu."
"Ukimpiga picha, hali hiyo itaonekana?"
"Itaonekana."
"Basi Kiingereza kinataka hali ya sasa. Sema tena."
"My father is sleeping."

Hiyo ndiyo hadithi niliyoahidi. Silabi yetu "-me-" inabeba mambo mawili. "Amefika" ni tendo lililokwisha, na hapo "has arrived" ni sawa. "Amelala", "amekaa", "amesimama", "amevaa", "amechoka" ni hali ambayo mtu yumo bado, na Kiingereza huitaja kwa "is". Kipimo cha picha kinawasaidia watoto: mtu akiwa bado yumo katika hali hiyo na kamera inaweza kuikamata, tumia "is". Kosa la pili lina kipimo chepesi zaidi. Ukishataja wakati uliokwisha, jana, mwezi uliopita, Ijumaa iliyopita, "have" na "has" zinaondoka. Kiswahili kinakuruhusu kusema "nimekula jana", Kiingereza hakiruhusu.

Maelezo yangu yote ya sarufi katika kipindi hiki ni hayo tu, na ninayatoa baada ya wao kukwama, si kabla.

8. Swali la mlangoni.

Dakika tano za mwisho ni kimya. Kila mtoto peke yake, robo karatasi, sentensi mbili. Wewe simama mlangoni uzipokee. Usisahihishe kwa kutoa alama. Zigawe mafungu matatu: waliopata zote, waliopata moja, waliokosa zote. Dakika kumi umemaliza, na sasa una jibu la kweli la lile swali la "mmefahamu?"

9. Rudia, kila mara kwa muda mrefu zaidi.

Maswali mawili siku ya pili, dakika tatu tu, mwanzoni mwa kipindi. Wiki ijayo maswali mawili mengine ya kosa lile lile. Halafu mwezi ujao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na kitabu chake cha mwaka 1885 kilionesha kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau tunaisahau mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo. Kwa hiyo yale maswali mawili ya siku ya pili yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Usiyaache kwa kuwa ni madogo.

Makosa ya walimu wapya

Mchezo wa "aliyekosea akae chini". Wanaokaa mapema ni wale wale wanaohitaji mazoezi zaidi, na wanabaki kuwatazama wanaojua wakicheza. Uache kabisa.

Kutoa pointi kwa aliyewahi. Watoto watatu wa mbele watabeba kila kitu. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kupokea jibu.

Kuitikia kwa pamoja. Sauti 68 zinazosema "Yes, teacher" huficha watoto wengi ambao hawajui walichoitikia.

Kurejea kitu ambacho hakijafundishwa. Hilo si marejeo, ni kumpima mtoto kwa kosa lako.

Pakitokea tatizo

*Wanazungumza Kiswahili kwenye vikundi.* Waache, wanapobishana kuhusu sababu. Mtoto anayetetea kwa Kiswahili kwa nini "has" haifai anafikiri kweli kweli. Zabuni, majibu na vitendawili viwe vya Kiingereza. Wapo walimu watakaokukatalia hapa. Mimi nimejaribu njia zote mbili na nimeona pale Kiswahili kilipopigwa marufuku darasa lilikuwa kimya, na huo ukimya haukuwa na Kiingereza ndani yake.

*Darasa la jirani linalalamika kelele.* Zabuni zitolewe kwa kunyanyua kadi yenye namba, dalali peke yake ndiye atamke.

*Mvua imeshuka juu ya mabati, hakuna anayesikia.* Kuwa na mpango wa kimya siku zote: zile sentensi nane zinarekebishwa kwa maandishi, daftari linapita kutoka mkono hadi mkono ndani ya kikundi, kila mmoja anarekebisha moja.

*Ni Ramadhani, mkondo wa mchana.* Hakuna mbio, hakuna kupiga kelele. Vitendawili vya kuandika vinafaa, na punguza sentensi za mnada ziwe tano.

*Msimu wa karafuu umeingia, nusu ya darasa iko mashambani.* Usiahirishe. Fanya na waliopo, hifadhi sentensi zako, na wenzao wakirudi wape waliohudhuria kazi ya kuendesha mnada mara ya pili. Anayemfundisha mwenzake anarejea mara mbili.

*Mkuu wa skuli amepita akasema mnacheza.* Mpelekee daftari la makosa na yale mafungu matatu ya robo karatasi, ya wiki iliyopita na ya leo, uyaweke mezani kwake bila maneno mengi.

*Nafundisha watu wazima jioni, wahudumu wa hoteli na vijana wa kutembeza wageni.* Hatua ni zile zile, ila makosa yavue kwenye maneno yao ya kazini, maana madaftari hawana. Anza na saa. Kijana mmoja niliyemfundisha alimwambia mgeni boti itaondoka "at one", akimaanisha saa moja asubuhi. Mgeni alifika pwani baada ya adhuhuri, boti imeshaondoka zamani, na kijana akapoteza malipo ya siku nzima. Tulikaa na duara la boksi jioni ile ile mpaka akawa anavuka kwa macho bila kusita.

*Kuna mtoto hasemi kabisa, kila kipindi.* Mpe udalali. Sentensi zimeshaandikwa ubaoni, kazi yake ni kusoma na kutaja bei, hakuna anayemsubiri akosee. Siku ya kwanza asome tatu tu, za kwake mwenyewe alizozifanyia mazoezi nawe kabla ya kipindi, nje, chini ya mti.